Kuchagua Chakula cha Nyongeza kwa Kondoo Wenye Mimba Majira ya Baridi

Katika mashamba ya Wales na ya kaskazini mwa Uingereza, kondoo wengi hupandishwa Oktoba na Novemba, na kwa kuwa mimba huchukua takriban siku 147, wengi huzaa Machi na Aprili, nyasi zinapoanza kuchipua upya. Kwa hiyo wiki sita za mwisho, ambazo mtoto aliye tumboni hupata kiasi cha asilimia 70 ya uzito wake wa kuzaliwa, huangukia wakati malisho yamepungua nguvu. Isitoshe, mimba ya mapacha hubana tumbo la chakula, hata mama akashindwa kula kiasi anachohitaji. Ndiyo maana chakula cha nyongeza huchaguliwa kwa ubora wa kila kilo, wala si kwa wingi wake horini.

Kabla ya kununua chochote, ipime hei (nyasi zilizokaushwa) au sileji (nyasi mbichi zilizochachushwa) uliyo nayo. Rangi na harufu hazitoshi, hivyo sampuli ipelekwe maabara: hei nzuri ina megajuli 9 hadi 10 za nishati katika kila kilo ya chakula kikavu, ilhali ile iliyokatwa nyasi zikiwa zimekomaa mno huweza kushuka hadi 8. Upungufu huo ndio unaopaswa kuzibwa, na mfugaji asiyeujua hununua kwa kubahatisha. Sileji yenye ukungu au udongo usiwape kabisa, kwa sababu huweza kubeba bakteria wa listeria, ambao hushambulia ubongo na kuharibu mimba.

Kipimo cha ultrasaundi kitakuonyesha nani ana mtoto mmoja na nani ana mapacha, ili uwatenge na usiwanenepeshe wa kwanza huku ukiwanyima wa pili. Papasa pia mgongo wa kila mmoja, maana manyoya huficha ukondefu. Katika kipimo cha unono cha 1 (mkondefu) hadi 5 (mnene mno), kondoo wa nyanda za chini afikie 3 na wa milimani 2.5.

Kwa nishati, shayiri ni chaguo zuri, na haina haja ya kusagwa kwa sababu kondoo hutafuna vizuri punje nzima. Hata hivyo, usizidishe nusu kilo ya nafaka kwa mlo mmoja, la sivyo tumbo litajaa asidi. Makapi ya viazisukari ni salama zaidi kwa upande huo. Kwa protini, sijaona kinachoyashinda mashudu ya soya: gramu 100 kwa siku kwa kila mtoto aliye tumboni, katika wiki tatu za mwisho, husaidia maziwa ya kwanza yawe mengi na mazito.

Chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe kisitumiwe hata kikiwa cha bei nafuu, kwa kuwa shaba iliyomo hujilimbikiza katika ini la kondoo na kumuua.

Kila kondoo apate nafasi ya sentimita 45 horini, ili wanyonge wasisukumwe nje, na maji safi yasiyoganda yawepo muda wote. Ukimwona aliyejitenga, anayekataa chakula na anayetembea kama haoni, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani huenda nishati imemwishia mwilini, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kumwokoa.