Ukuta Unaonyonya Maji ya Pevingi: Ya Kuzingatia Kabla Hujamwita Fundi

Mvua za vuli za mwishoni mwa 2023, zile za El Niño, na za masika yaliyofuata, ziliacha Dar es Salaam alama ambayo haikutangazwa pamoja na habari za mafuriko. Ni rangi iliyovimba malengelenge kuanzia usawa wa sakafu hadi magotini, unga mweupe wa chumvi unaoanguka kila ukifagia, na harufu ya uvundo kwenye chumba kinachopakana na maegesho ya gari. Wengi humwita fundi rangi. Anakwangua, anapaka dawa ya kuzuia maji, anapiga skimu, anapaka rangi mikono miwili, analipwa, anaondoka. Mvua zikirudi na malengelenge yanarudi, safari hii juu kidogo kuliko mwanzo.

Fundi rangi hana kosa, aliitwa mahali pasipo na ugonjwa. Kama ukuta ulikuwa mkavu miaka yote na ukaanza kulowa baada ya uwanja kuwekwa pevingi, vile vitofali vya zege vya kulaza ardhini, kazi yako iko nje. Hela ya ndani isitoke mfukoni mpaka ya nje iishe.

Anza na ngazi za mlangoni. Nyumba nyingi hujengwa na ngazi mbili tatu kutoka ardhini hadi kibarazani. Kisha kinaletwa kifusi cha kusawazisha, juu yake mchanga, juu yake pevingi zenye unene wa sentimita 6 au 8, na ghafla ngazi imebaki moja. Uwanja umepanda, nyumba imebaki palepale. Shida ni kwamba mjenzi makini alilaza nailoni nzito juu ya ukuta wa msingi, chini ya tofali la kwanza, ili maji ya ardhini yasipande. Mafundi huiita DPC. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba ardhi ya nje ibaki angalau sentimita 15 chini ya nailoni hiyo. Pevingi zikifika usawa wake au kuipita, maji yanaingia tofalini juu ya kizuizi, na tofali la saruji huyavuta kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Zipo pia nyumba, na si chache, ambazo nailoni hiyo haikuwekwa kabisa. Hizo zinategemea uwanja kuwa chini na mkavu, basi.

Hata hivyo usihukumu pevingi kabla ya kusikiliza upande wa pili. Unyevu wa kutoka ardhini una tabia yake: unaanzia chini, ukishafika kama mita moja huishiwa nguvu, na unaacha mstari wa chumvi pale unapoishia. Doa lililo katikati ya ukuta au karibu na dari ni la bomba, bafu la upande wa pili, au gata iliyopasuka. Funga koki zote usiku, soma mita ya maji, uisome tena asubuhi kabla mtu hajanawa. Ikiwa imesogea, tafuta bomba linalovuja kwanza. Angalia na mpira wa kiyoyozi unapodondoshea maji. Kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha kwenye joto la pwani hutoa maji mengi, na mara nyingi mpira wake unaishia hapohapo chini ya ukuta, tone kwa tone, mwaka mzima, mvua iwepo isiwepo. Nimeona pevingi zikilaumiwa kwa kosa la kiyoyozi. Kama bado una shaka, bandika kipande cha nailoni ukubwa wa daftari ukutani, ziba kingo zote nne kwa utepe, uache siku moja au mbili. Maji yakijikusanya nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa upande wake wa mbele, ni mvuke wa chumbani na dawa yake ni madirisha.

Sasa pima uwanja. Huhitaji mhandisi kwa hili, unahitaji mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, ule ambao mafundi wa ujenzi hupimia usawa. Upande mmoja uwe ukutani, mwingine getini. Weka alama pale maji yanapotulia, pima kwa futi kamba kutoka alama hadi pevingi pande zote mbili. Uwanja mzuri hushuka kutoka nyumbani kwenda nje kati ya sentimita moja na nusu na mbili kwa kila mita, maana yake maegesho ya mita 6 yatofautiane sentimita 9 hadi 12 kati ya mwanzo na mwisho. Jicho halioni tofauti hiyo vizuri, kwa hiyo usikubali neno la mtu anayesema "slopu ipo" akiwa amesimama tu. Pima pia sehemu yalipozoea kupita matairi, kwa sababu kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri hutitia pale, na bonde dogo la gari kando ya ukuta linatosha kulowesha chumba.

Kuna nyumba ambazo mteremko hauna namna. Barabara ya mtaa imewekwa lami, imeinuliwa, kiwanja kimebaki shimoni, na geti liko juu kuliko sebule. Hapo kila tone la barabarani linakuja kwako kabla hata hujahesabu mvua yako mwenyewe. Unahitaji mtaro wa kukatiza mlango mzima wa geti, kisha mtaro wa pili mbele ya ukuta, na sehemu ya pevingi iliyo karibu na nyumba igeuzwe iinamie mtaro huo. Mifuniko yake ibebe gari. Nondo nyembamba zilizochomelewa hupinda, na za chuma kizito zina wapenzi wengi, hasa wale wa chuma chakavu, kwa hiyo mimi huchagua mifuniko ya zege yenye matundu, ingawa ni mizito kuinua siku ya kusafisha.

Swali ambalo watu hulikwepa ni maji hayo yataenda wapi. Fanya hesabu kabla ya kuchimba: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita za mraba 60, ukiongeza upande wa paa wa mita za mraba 80 unaomwaga hapohapo, ukipigwa na mvua ya milimita 40, unapokea lita 5,600. Tenki la lita 5,000 lingefurika. Ndiyo maana kazi rahisi kuliko zote, na inayosahaulika kuliko zote, ni kuweka gata na kuyapeleka maji ya paa kwenye tenki au mbali na nyumba. Zaidi ya nusu ya mzigo wa uwanja huo inaondoka bila kung'oa pevingi hata moja.

Yanayobaki yanaweza kuzama kwenye shimo la mawe na kokoto, kama ardhi inakubali. Chimba shimo la majaribio, lijaze maji, yakikauka lijaze tena, uone yanachukua muda gani kushuka. Fanya hivyo wakati wa mvua pia, maana maeneo ya chini karibu na bahari au bonde la Msimbazi maji ya ardhini huwa juu kiasi kwamba shimo linajaa lenyewe kutoka chini. Kulijenga hapo ni kujichimbia kisima kisichotakiwa. Udongo wa mfinyanzi nao haunyonyi. Penye mchanga shimo hufanya kazi vizuri, ila likae angalau mita 5 kutoka ukutani, la sivyo unahamisha tatizo kutoka juu ya msingi kwenda chini yake.

Usiunganishe maji ya mvua na shimo la choo. Linajaa usiku mmoja na yaliyomo yanatokea uani kwa watoto. Wala usitoboe ukuta wa jirani umwachie yeye. Kesi za maji ya mvua hufika kwa mjumbe na serikali ya mtaa kila masika, na ugomvi wake hudumu kuliko mvua zenyewe; mwendee jirani mapema, huenda mkachangia mtaro mmoja. Ukitaka kuingiza maji kwenye mtaro wa barabara, waulize kwanza TARURA, wanaosimamia barabara za mijini na vijijini tangu 2017. Na uuchungulie mtaro wenyewe: uliojaa mchanga na chupa za plastiki utakurudishia maji yako.

Kabla ya sululu kugusa ardhi, jua bomba la maji linapita wapi, chemba za maji taka zimeunganishwaje, na kama kuna waya wa umeme wa taa za geti chini ya pevingi. Soketi zilizo kwenye ukuta uliolowa zikatiwe umeme na fundi umeme azikague. Kama itabidi kufunua ukuta wa msingi, mchimbe vipande vifupi, mzibe kimoja ndipo mwende kingine, na msishuke chini ya kitako cha msingi. Ukiona nyufa za mshazari zinazopita kona za madirisha, simamisha kazi umwite mhandisi. Hilo si suala la unyevu tena.

Makubaliano na fundi yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Anayelipwa kwa mita ya mraba atataka kulaza nyingi haraka, na mteremko ndio unaochelewesha. Mwambie pevingi zinang'olewa na kifusi cha chini kinapunguzwa, hazilazwi mpya juu ya za zamani. Kando ya ukuta uachwe ukanda wa sentimita 30 wa kokoto badala ya pevingi zilizozibwa kwa saruji hadi kwenye tofali. Na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako hadi mmwage pipa zima la maji ukutani na kuyaona yakiondoka yenyewe.

Muda mzuri wa kazi hii ni kuanzia Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaja. Baada ya hapo kinachotakiwa ni kungoja, na hapa ndipo wengi hushindwa. Mafundi hukadiria inchi moja ya unene wa ukuta kwa mwezi, hivyo tofali la inchi sita huhitaji karibu nusu mwaka kukauka. Plasta iliyoharibika ichubuliwe mapema, hadi sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi, kwa sababu chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani hata chanzo kikiwa kimezibwa. Usiifunike kwa marumaru. Unyevu utapanda nyuma yake na kutokea juu. Rangi ya mafuta nayo ni vilevile. Kwa nyumba za mawe ya matumbawe kama za Mji Mkongwe, plasta mpya iwe ya chokaa, maana ile ya saruji huyafungia maji ndani ya jiwe.

Plasta mpya ichanganywe na mchanga wa mtoni uliooshwa, si wa baharini. Kisha iachwe bila rangi hadi vuli ipite, ili kama kuna doa lililobaki ulione kabla ya kununua ndoo ya rangi.