Somo: kupunguza maji mpaka risasi (lead, yale madini yenye sumu) ionekane kwa mashine

Wadau habari, kuna mmoja aliniuliza mbona AAS ya moto (mashine ya kupima madini kwa mwali wa moto) inampa sifuri kwa kila chupa aliyochota Dunga, kule Ziwa Victoria Kisumu. Si ati maji ni safi. WHO wanasema risasi kwa maji ya kunywa isipite 0.01 mg kwa lita, na mashine ya moto hapo chini haioni vizuri, so inabidi upunguze maji madini yabaki.

Chupa za plastiki zilale kwa asidi ya nitriki 10% usiku kucha, kisha suuza. Ukishachota chuja hapo hapo na filta ya mikromita 0.45 kama unataka yaliyoyeyuka tu, HALAFU ndio utie asidi hadi pH iwe chini ya 2, bila hiyo madini yatanata kwa chupa.

Maabarani pima 500 ml, tia 5 ml ya nitriki kali, funika bika uache mwanya, weka kwa hotipleti ndani ya kabati la kufyonza moshi. Yasichemke! Yakichemka yanaruka na kila tone ni risasi yako imeenda, na sisi wa Nakuru huku juu maji huchemka kama nyuzi 94 so usingoje 100. Yakibaki kama 15 ml toa, yasikauke kabisa, yapoe, mimina kwa chupa ya kipimo ya 25 ml, suuzia bika humo humo, jaza hadi mstari. Umezidisha mara 20.

Sasa blanki, yaani sampuli tupu ya kujua uchafu unaotoka kwa asidi na vyombo, hapa ndio watu huteleza. Maji ya maabara 500 ml, asidi ile ile, hotipleti ile ile, masaa yale yale. Kuna siku blanki yangu ilikuwa na zinki kushinda ziwa, nikahangaika siku mbili nikilaumu asidi, kumbe ni glavu za poda.

Mashine ikisoma 0.12 na blanki 0.02, toa, gawa kwa 20, ni 0.005 mg kwa lita.

Mdau wa Njoro: Maji ya Ziwa Nakuru nikitia asidi yanafoka, na mwisho nabaki na chumvi tupu.

Jibu: Hayo ni ya magadi ndugu yangu, pH karibu 10, tia asidi tone kwa tone. Na usiyapunguze kwa moto, chumvi itaharibu usomaji. Tumia rezini ya Chelex-100 (punje zinazonasa madini mazito), rekebisha pH iwe kama 5.5, pitisha polepole, sodiamu inapita risasi inashikwa, halafu itoe na 10 ml ya nitriki 2 M (moli 2 kwa lita).

Mdau wa Kakamega: Naeza pima zebaki hivi? Huku Ikolomani wachimba dhahabu wanaitumia.

Jibu: Hapana dada, zebaki nyingi itapaa na mvuke. Hiyo inataka mashine ya mvuke baridi.

Mdau wa Kondele: Inachukua muda gani?

Jibu: Karibu siku nzima. Chai kunywea nje.