Majina ya Jamaa na Jinsia ya Nomino katika Kihispania

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kihispania ana mtaji ambao mara nyingi hautambui, nao ni mazoea ya ngeli. Anayesema "kiti kirefu" na "mti mrefu" bila kufikiri hatashangaa kwamba kivumishi cha Kihispania hufuata nomino yake. Kilicho kigeni ni kigezo chenyewe: nomino zote zimegawanywa katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike. Majina ya jamaa yanafaa kutangulia kwa sababu humo, kwa kawaida, jinsia ya neno hulingana na ya mtu.

Anza na jozi zinazotofautiana kwa irabu ya mwisho, na ujifunze kila neno pamoja na kibainishi chake (el kwa jinsia ya kiume, la kwa ya kike): el hijo na la hija (mtoto), el nieto na la nieta (mjukuu), el sobrino na la sobrina (mpwa), el hermano na la hermana (ndugu). Padre (baba) na madre (mama), pamoja na yerno (mume wa binti) na nuera (mke wa mwana), hukaririwa tu.

Ugumu uko katika kuchagua. Sisi husema "mdogo wangu ni mrefu" tukanyamaza kuhusu jinsia yake, lakini Kihispania hakikuruhusu: ama mi hermano menor es alto, ama mi hermana menor es alta. Kwa upande mwingine, tío humbeba mjomba, baba mkubwa na baba mdogo kwa pamoja, na tía humbeba shangazi pamoja na mama mkubwa na mama mdogo, kwa hiyo usitafute maneno ya kuwatenganisha.

Kimilikishi mi (-angu) hakibadiliki kwa jinsia, ila katika wingi huwa mis. Nuestro hubadilika, nacho hufuata anayemilikiwa, kama "-etu" yetu: baba na mama wote husema nuestra hija.

Katika wingi, kundi lenye mwanamume hata mmoja huchukua umbo la kiume. Los padres ni akina baba au wazazi wawili, na los hijos huweza kuwa wana na mabinti. Muktadha ndio unaoamua.

Ukitoka nje ya ukoo, usiamini irabu ya mwisho kupita kiasi, kwani husemwa la mano (mkono) na el día (siku). Hata mtu mwenyewe ana mtego wake: persona ni ya kike daima, hivyo babu yako akiwa mwema ataitwa una buena persona.