Rangi ya kubandua: usiogope kupuliza tabaka nyingi

Ndugu zangu wa boda hapa Kampala, ukitaka kubadilisha rangi ya pikipiki bila kuiharibu ya kiwandani, ile rangi ya mpira ya kopo inafaa sana. Wengi wanakosea sehemu moja: wanapuliza tabaka mbili tu ili kopo lidumu. Siku ya kuibandua inakatika vipandevipande, unaisugua kwa kucha hadi jioni. Puliza tabaka tano au sita, nyembamba, ukiacha kila moja ikauke kama nusu saa. Hapo itabanduka kama ganda la ndizi.

Kabla ya yote, osha kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, na pulizia mahali penye hewa lakini pasipo na vumbi. Asubuhi mapema ni bora, barabara ya udongo ikiwa bado na umande. Seloteipu uliyozibia sehemu zisizopakwa rangi ivue tabaka la mwisho likiwa bichi.

Ekzosi usiipulizie rangi hii. Na tenki, nakusihi, liangalie: petroli huiyeyusha rangi hii, kwa hiyo ukijaza mafuta weka kitambaa kuzunguka mfuniko.