SOMO: Kuchora mwanaanga wa kubuni na kufanya kioo cha helmeti king'ae

Swali la kioo cha helmeti nimelijibu kwenye meseji mpaka nimechoka, kwa hiyo naweka hapa somo zima. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mahitaji: penseli ya HB, raba laini, penseli za rangi (boksi la 12 linatosha) na manila nyeupe. Karatasi ya fotokopi haibebi tabaka nyingi za rangi.

Hatua ya 1. Chora mwili wenye urefu wa vichwa 7 na nusu (kipimo ni urefu wa kichwa cha mhusika mwenyewe). Shujaa mpe 8.

Hatua ya 2. Mvike suti juu ya mwili huo. Anza na pete ya shingo na za mikono, kisha mikunjo ya viwiko na magoti.

Hatua ya 3. Amua mwanga unatoka upande gani, weka mshale pembeni ya karatasi. Mwezini hakuna hewa ya kutawanya mwanga, ndiyo maana vivuli vina kingo kali na anga ni jeusi hata mchana.

Hatua ya 4. Kioo. Kazi nyingi nzuri zinaharibikia hapa, kwa sababu mtu anachukua njano anajaza duara lote. Vioo vya nje vya helmeti za Apollo (safari za Wamarekani kwenda Mwezini) vilipakwa utando mwembamba sana wa dhahabu kuzuia jua kali, na utando huo unaakisi kila kilicho mbele yake. Itazame picha ya mwanaanga Buzz Aldrin akiwa Mwezini mwaka 1969: kwenye kioo chake anaonekana mwenzake Neil Armstrong aliyeipiga, chombo chao cha kutua na ardhi ya Mwezi. Basi chora kinachoakisiwa. Mstari wa upeo upinde ufuate mviringo wa kioo, juu anga, chini ardhi. Zungushia kidogo sehemu ya mng'ao na usiiguse kwa rangi yoyote. Pitisha njano kwa mkono mwepesi, halafu rangi ya chungwa, halafu kahawia, na lile giza zito kuliko yote liweke jirani kabisa na weupe. Hapo ndipo kitang'aa.

TAHADHARI: penseli za rangi zina nta. Ukikandamiza mapema, karatasi inajaa nta na haipokei rangi nyingine. Wala usitegemee penseli nyeupe, haifufui weupe juu ya kahawia. Weupe ni karatasi yenyewe.

Hatua ya 5. Suti nyeupe ipe vivuli vya kijivu chenye ubluu.

MASWALI

– Mkuu, helmeti yangu imetoka njano tupu, tatizo nini?
– Soma hatua ya 4. Picha uliyoweka haina giza popote.

– Kuna app ya kumaliza haya haraka?
– Zipo. Hili ni somo la penseli.

– Fundi, nataka uso uonekane, na mhusika wangu ni mweusi kama mimi. Nikipaka kahawia peke yake uso unakuwa bapa. Nifanyeje?
– Swali zuri sana, dada. Kwanza inua kile kioo cha dhahabu, ibaki helmeti iliyo wazi. Usoni tanguliza rangi ya chungwa nyepesi kwenye paji, pua na mashavu, kisha kahawia kwa tabaka. Chini ya taya na pembeni mwa pua tumia zambarau au bluu nzito. Nyeusi ibaki kwa mboni na tundu za pua. Kama ndani kuna taa ya kijani, gusia kijani kwenye ukingo wa shavu, ngozi yetu inapokea mwanga wa namna hiyo vizuri mno. Tuonyeshe ukimaliza.

– Nyongeza: wekeni karatasi safi chini ya kiganja, mkono unachafua.
– Kweli kabisa. Na wa mkono wa kulia waanzie kushoto.

– Nyota unazifanyaje?
– Funika mhusika, chovya mswaki wa zamani kwenye rangi nyeupe ya maji iliyo nzito, rashia kwa kidole. Ila kama yuko Mwezini juani, unaweza kuziacha: kamera za Apollo zilipangwa kwa mwanga wa jua, nyota hazikutokea.