Anzeni na ukuta, programu baadaye

Timu ikiniomba niisaidie kuanza Agile, yaani kufanya kazi kwa vipande vidogo na kujirekebisha mara kwa mara, jambo la kwanza ninalolikataza ni kununua programu ya kupangia kazi. Tafuteni ukuta na karatasi za kunata. Gaweni safu tatu: Bado, Inafanyika, Imekwisha. Kila kazi iwe na karatasi yake na jina la mwenye kuifanya.

Sasa tazameni safu ya katikati, maana ugonjwa wa timu nyingi umejificha humo. Timu moja ya watu watano niliyoifundisha ilikuwa na karatasi 19 pale katikati. Tukaweka kikomo: sita tu. Ukimaliza yako, huchukui mpya kabla hujauliza nani amekwama. Siku za kwanza walinung'unika. Wiki ya pili, karatasi iliyokaa mpaka pembe zikajikunja ilihamia kulia, na aliyeihamisha akapigiwa makofi. Ukuta wa karatasi wenye kikomo, hiyo ndiyo kanban, njia iliyozaliwa katika viwanda vya Toyota, Japani.

Kikao cha kila siku kisizidi dakika 15, kama inavyoelekeza Scrum, mojawapo ya njia za Agile. Si cha kumsomea bosi ripoti; ulizaneni leo nini kinatukwamisha. Mjadala mrefu wabaki nao wanaohusika.

Kila wiki mbili kaeni mjitathmini, mchague jambo moja la kurekebisha. Moja, nasisitiza, maana orodha ya mambo kumi hufa siku hiyo hiyo.

Ukuta ukishazoeleka, au wenzenu wakiwa mbali, hamieni kwenye programu kama Trello au Jira na safu zilezile tatu. Msiongeze ya nne mpaka kazi yenyewe iidai.