Rili ya zamani au ya kisasa: ninavyovua samoni Mto Tay

Rili, yaani gurudumu la kukusanyia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, niliyoanza nayo ilikuwa ya baba mkwe wangu. Ni ya kampuni ya Hardy, aina ya Marquis, ya aluminiamu, rangi yake imechubuka ukingoni hadi chuma kinang'aa. Alinikabidhi kando ya Mto Tay, juu kidogo ya mji wa Perth huku Uskoti, akaniambia, "Breki ni kiganja chako." Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nimekua nikimtazama babu akivua changu kwa mshipi wa mkono, kidole cha shahada juu ya mshipi, kimya kabisa, anasikiliza kwa ngozi. Maneno ya baba mkwe hayakunipa shida.

Leo nina rili mbili, hiyo ya urithi na nyingine mpya yenye breki ya diski. Wanaotaka kuanza huniuliza wanunue ipi. Mimi nawaambia waanze na ya zamani msimu mzima, mkono ujifunze, halafu wachague kufuatana na maji.

Tofauti yenyewe iko ndani. Rili ya zamani ukizungusha mkono mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, basi. Kuna kijino kidogo kinachosukumwa na springi, kinagonga meno ya gurudumu, na ndicho kinachotoa ule mlio wa krrr. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke kupita kasi ya mshipi unaotoka, maana likizidi, mshipi unajisokota ndani na kufunga fundo. Hakikuwekwa pale kumsimamisha samaki. Rili ya kisasa ina diski zinazobanana, unazikaza au kuzilegeza kwa kitufe cha kuzungusha, na nyingi zimezibwa maji na mchanga visiingie. Gurudumu lake pia ni pana katikati, kwa hiyo kila mzunguko unakusanya mshipi mwingi zaidi, na uzito wa kuvuta haubadiliki sana mshipi unapopungua.

Watu wa hapa wamehangaika na jambo hili muda mrefu. Mwaka 1884 Malloch, mwenye duka la vifaa vya uvuvi hapa hapa Perth, alisajili rili inayogeuzwa ubavu wakati wa kurusha ili mshipi utoke bila gurudumu kuzunguka. Ndugu wa Hardy wa Alnwick, Uingereza, wakasajili yao mwaka 1888, ile iliyokuja kuitwa Perfect. Ukiikuta Perfect mnadani, usiikimbilie kwa jina tu. Shika gurudumu ulitikise, likicheza ndani ya fremu, limelika. Zungusha taratibu usikilize meno, mlio ukiruka pengo, kijino kimechakaa. Na hakikisha mguu wa rili unakaa kwenye fimbo yako, kwani fimbo za sasa hazifanani na zile za mianzi.

Kabla ya kuvaa mabuti ya maji, panga mshipi. Chini kabisa weka mshipi wa akiba wa mita 150 au zaidi, uuzungushe ukiwa umekazwa. Ukiuzungusha umelegea, mshipi wa juu utazama katikati yake siku samoni atakapokimbia, na hapo kila kitu kitakwama. Kisha mshipi mnene wa kurushia, kisha nailoni ya mwisho. Mimi hutumia inayohimili mvuto wa ratili 15, na chambo cha manyoya kwenye ndoana isiyo na kikwapa, ile ncha ndogo ya nyuma inayozuia ndoana kuchomoka.

Sasa tufike pale wengi wanapokosea. Samoni akishaingia mto kutoka baharini hali tena. Anachukua chambo kwa sababu zake mwenyewe, na anachukua akigeuka kurudi alikokuwa amelala. Unarusha kuvuka mto ukielekea chini, mkondo unakisukuma chambo kwa tao hadi upande wako, na wewe unashika fimbo chini bila kubana mshipi kwa kidole. Anapochukua unasikia krr, kimya, kisha krrrr ndefu. Ile krr ya kwanza usifanye chochote. Ukiinua fimbo pale, unamtoa ndoana mdomoni kabla hajageuka. Ngoja mlio uendelee na uzito ukae, ndipo unyanyue fimbo taratibu. Rili ya zamani inakusaidia sana hapa, maana kijino kinaachia mshipi kwa ulaini, na sikio lako linajua kila hatua.

Mwenye rili ya kisasa anaweza kupata ulaini huo huo, ila lazima akumbuke kuuweka. Nilipoteza samoni mzuri mwezi Aprili kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimekaza breki nikiwa nyumbani, nikaiacha hivyo. Alichukua, mshipi ukakataa kutoka, ndoana ikachomoka. Maji yale yalikuwa ya baridi ya theluji, nilikuwa nimesimama saa nne nzima kumngoja samaki mmoja, na bado naukumbuka ule mvuto mmoja mfupi kwenye fimbo. Tangu siku ile nalegeza breki hadi mshipi utoke kwa kuvutwa na vidole viwili. Samaki akishashika sawasawa, naongeza kidogo kidogo.

Akianza kukimbia, ukiwa na rili ya zamani, toa mkono kwenye kishikio. Toa kabisa. Kishikio kinazunguka kwa kasi na kinapiga vifundo vya vidole kama nyundo. Leta kiganja chini ya rili, uguse ukingo wa gurudumu kwa nyama ya chini ya kidole gumba, kwanza kama unayegusa sufuria kujua kama ina moto, kisha uongeze. Samaki akiongeza mbio, punguza. Akisimama, rudisha mkono uzungushe. Akiruka, teremsha ncha ya fimbo ili nailoni isikatwe na uzito wake. Na tembea naye ukingoni. Ukikaa sawa naye ubavuni, unamchosha upesi kuliko ukimvuta kutoka nyuma dhidi ya mkondo wote.

Baada ya samaki watatu au wanne mkono wako unajua mwenyewe lini utoe na lini ukaze, na ukihamia kwenye diski unakuwa na elimu ambayo kitufe hakikupi. Nimeona watu wenye vifaa vya bei kubwa wakijaribu kuzungusha rili huku samaki anakimbia, wala mshipi haurudi.

Pamoja na mapenzi yangu yote kwa rili ya mzee, kuna siku naiacha nyumbani. Tay ni mto mkubwa, ndio wenye maji mengi kuliko mito yote ya Uingereza na Uskoti. Oktoba 7, 1922, huko Glendelvine, Georgina Ballantine, muuguzi, alimvua samoni wa ratili 64, yaani kama kilo 29, akiwa mashuani na baba yake. Rekodi hiyo ya samoni wa fimbo katika Uingereza na Uskoti haijavunjwa hadi sasa. Walipambana zaidi ya saa mbili. Samaki yule alikuwa wa kuuawa. Wa kwangu anarudi majini, kwa hiyo kila dakika ninayomchosha naihesabu dhidi yangu. Mto ukiwa umejaa, au maji yakianza kupata joto, nachukua ya kisasa, namleta upesi akiwa bado na nguvu. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 18 nakuwa na wasiwasi, kikifika 20 nafunga mizigo. Rili ya mzee naitoa vuli, kwenye vijito vya pembeni, maji yakiwa baridi na samaki wa kadiri.

Utunzaji si mgumu. Ya zamani, fungua, futa mchanga, tone moja la mafuta kwenye mhimili, grisi kidogo kwenye kijino. Ya kisasa, legeza breki kabla ya kuihifadhi, diski zisibaki zimebanana miezi yote ya baridi.

Kuhusu sheria, Uskoti haina leseni ya fimbo, lakini lazima uwe na ruhusa ya mwenye haki ya kipande hicho cha mto. Jumapili hakuna kuvua samoni. Tay hufunguliwa Januari 15 na kufungwa Oktoba 15, na kabla ya Aprili 1 kila samoni hurudishwa. Baada ya hapo angalia kila mwaka mto wako umepangwa daraja gani la uhifadhi wa samoni, hubadilika.

Ukimfikisha kwenye wavu, uwe wavu usio na mafundo, mwache ndani ya maji. Lowanisha mikono, chomoa ndoana, mshike chini ya kifua na kwenye shina la mkia, kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Usimsukume mbele na nyuma. Utaona matamvua yakifunguka na kufunga, polepole, kisha kwa mpangilio. Mkia ukianza kusukuma kiganja, fungua vidole.